Nekoye Binti Wabwile, Msichana wa Msitu na Farasi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kibabii, kwa niaba ya familia nawasomea wasifu huu mimi, Mukhisa, kaka yake. Marehemu Nekoye binti Wabwile alizaliwa tarehe 14 Machi 1932, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wabwile na Mama Nakhungu, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mzungu mmoja karibu na Kitale, ambako baba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na ambako Nekoye alipanda farasi kabla hajajua kusoma, ingawa wanawake wa kambi walimwonya mama kwamba msichana wa namna hiyo hatazaa.

Baadhi yenu mmetuomba tusimtaje farasi mbele ya jeneza hili. Tutamtaja.

Alisoma shule ya misheni huko Misikhu kuanzia Januari 1941 hadi Desemba 1948, na mwaka uliofuata, farasi jike aitwaye Kahawia alipoumia mguu na mwenye shamba akataka kumpiga risasi, Nekoye alisimama mbele ya bunduki, akaomba aachiwe farasi huyo, akamkanda mguu ule hadi mnyama akatembea, na tangu hapo hawakuachana.

Februari 1953 aliajiriwa kumwagilia miche katika kitalu kimoja cha msitu, mlimani Elgon, ambako vijana wa kiume walikuwa wakisomea kazi ya misitu, akaomba kusoma nao, akakataliwa, akaingia hivyo hivyo na kuketi nyuma, hadi mwalimu akachoka kumfukuza. Alfajiri alimhudumia Kahawia, mchana alijifunza kupima miti na kuzuia moto, na mwalimu alipomwambia achague, farasi au masomo, alijibu, "Mwalimu, msitu ni mkubwa na mimi sina mabawa. Nikimwacha farasi, nitaufikiaje?"

Hakuolewa. Familia mbili zilileta posa, mwaka wa 1952 na wa 1954, zote zikitaka kwanza amwondoe farasi, naye akazishukuru, akakataa. Hakuacha mtoto, na hilo hatulisomi kwa aibu.

Tarehe 11 Februari 1956 moto ulizuka msituni, upepo ukausukuma kwenye nyumba za wafanyakazi, na wanaume wakiwa wangali wanabishana nani aende, Nekoye alipanda Kahawia, akaingia moshini, akawaelekeza watu njia ya mtoni, kisha akarudi kumchukua Mama Cheptoo, asiyeweza kutembea, mzazi wa Kibiwott aliyesoma naye. Mama Cheptoo yuko hapa, ameketi kati yenu, naye ametueleza, "Nilimwambia aniache, mimi ni mzee. Akaniambia, Mama, shika nywele za farasi, maneno tutasema huko chini."

Moshi uliharibu mapafu ya Nekoye, akalazwa Kitale, na tarehe 3 Machi 1956 akafariki, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Wanaosema farasi ndiye aliyemuua, wamuulize Mama Cheptoo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia, Kibiwott na wenzake waliobeba jeneza kutoka Kitale, na mwalimu wake wa misitu, aliyefika jana kutuambia kwamba Nekoye alikuwa amefaulu mtihani wa mwisho. Tulimjibu kwamba hatukushangaa.

Pumzika kwa amani, dada yetu, wala usimwombe mtu radhi.