Fundi Waya na Simu za Hospitali

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Waya, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, kifungua mimba wa seremala na mshonaji. Alimaliza sekondari mwaka 1979 na chuo cha ufundi 1983, kisha akaajiriwa na kampuni ya simu.

Tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na opereta wa simu. Kabla ya hapo alimpigia kila asubuhi akidai anapima laini, mpaka shemeji yangu akamwambia, "Fundi, hii laini imeshapona tangu juzi. Sema unachotaka." Akasema.

Mwaka 1998 kampuni ilijenga mtandao wa ATM. Si zile mashine za kutolea pesa, bali mitambo ya kusafirisha simu na data kwa pamoja. Kazi yake ilikuwa kuamua kila mteja apitishwe vipi: atengewe nafasi yake daima, au apite pale tu nafasi inapobaki. Barua pepe alizipa mabaki. Simu za hospitali alizitengea nafasi. "Barua itangoja," alizoea kusema. "Mgonjwa hangoji."

Yanayofuata nayasoma kwa kinyaa. Tarehe 12 Mei 2003 meneja alimwamuru ahamishie simu za hospitali kwenye mabaki, ili mkutano wa video wa wakurugenzi usikwamekwame. Alikataa katakata. Meneja akabadilisha mwenyewe. Mchana ule simu za hospitali zilikatikakatika kwa saa mbili, na ripoti ya uchunguzi ikambebesha Fundi Waya lawama zote. Akatupwa stoo ya betri miaka kumi na minane, hadi alipostaafu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mwezi uliopita fundi mwenzake alifika wodini alikolazwa, akilia: "Kaka, nilimwona meneja akibadilisha. Nikanyamaza, nikihofia kibarua changu kitaota nyasi." Marehemu akamjibu, "Nilijua siku zote. Vuta kiti." Mimi nisingempa kiti.

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake.

Meneja yule, sasa mstaafu, aliyeketi hapa safu ya pili, ameomba dakika tano za kumsifu marehemu. Tunampa moja, atuambie ni nani aliyebadilisha njia ya simu za hospitali. Akishindwa, akae kimya tumzike ndugu yetu.

Kaka, jina lako halina doa. Lala kwa amani.