Wistin Zerafa na Asubuhi ya Vikapu

Natamka wazi tangu mwanzo hoja ninayokusudia kuitetea: kikundi cha wanafunzi hakijafika Valletta, mji mkuu wa Malta, kwa kushuka tu kwenye basi nje ya Lango la Mji. Kinafika pale kinapomnunulia mkazi wa mji huu mkate na kuutazama ukipanda kwa kamba hadi dirishani kwake. Aliyetufundisha hilo ni Bwana Wistin Zerafa, mpokezi wa vikundi katika Kituo chetu cha Ziara za Masomo, anayestaafu Ijumaa tarehe 26 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi.

Watakuwepo wasomaji wa jarida hili watakaosema kwamba wasifu wa mstaafu si uwanja wa mabishano. Nawapinga kwa heshima zote. Mtu ambaye kazi yake imebishaniwa hadi mwezi wake wa mwisho ofisini hawezi kuagwa kwa keki na maua peke yake. Kumsifu bila kuitetea kazi yake ni kumsindikiza hadi mlangoni kisha kumfungia mlango.

Bwana Wistin hakuajiriwa kama mpokezi. Alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, akitokea kwenye karakana za meli ng'ambo ya bandari, akapewa kazi ya mizigo. Wajibu wake ulikuwa kupakia masanduku ya wanafunzi kwenye lori dogo na kuyafikisha bwenini. Katika wiki yake ya pili alikosea lori. Masanduku ishirini na sita ya wanafunzi kutoka Padova yakapakiwa kwenye gari la fundi viti, yakavuka kwa feri hadi kisiwa jirani cha Gozo, na yakalala usiku ule katika ukumbi wa bendi ya parokia moja huko, yamepangwa vizuri kabisa kando ya ngoma. Wenye masanduku walikuwa wamesimama kwenye ngazi za Mtaa wa Mtakatifu Ursula, hawana daftari, hawana ramani, hawana soksi za kubadilisha. Mkurugenzi wa wakati ule alimwita kando akamwambia: "Washughulishe hao, Wistin. Na usinieleze umewashughulisha vipi."

Wakati huohuo gari la mkate lilipiga honi kwenye kona, na kutoka orofa ya nne Bi Ġuża Schembri akateremsha kikapu chake, kama alivyokuwa akifanya kila siku ya Mungu. Bwana Wistin alikitazama kikapu, akawatazama wanafunzi, kisha akamnyooshea kidole mmoja wao.

"Wewe mrefu, chukua hiyo sarafu humo ndani ukimbilie gari la mkate. Yule mama ana magoti mabovu, na wewe huna sanduku la kulinda."

Mkate ulipopanda, dirisha la pili likafunguka, likafuata la tatu. Mama mmoja alipaza sauti: "Hao vijana wanauzwa au wanakodishwa?" Hadi saa sita mchana wanafunzi wale walikuwa wameshatumwa na nyumba kumi na moja. Walijua ni mlango gani haufunguki kwa sababu ya mgogoro wa urithi, ni ngazi ipi huteleza mvua ikinyesha, na kwa nini hakuna mtu mwenye akili anayepanda mtaa ule upande wa jua. Masanduku yaliporudi kesho yake, mwalimu wao aliomba jambo moja tu: asubuhi nyingine kama ile.

Hivyo ndivyo Asubuhi ya Vikapu ilivyozaliwa, na hivyo ndivyo mchukuzi wa mizigo alivyogeuka mpokezi wa vikundi. Tangu hapo, kila kikundi kilichopita kwetu, nacho ni zaidi ya mia nane, kimeanza ziara kwa namna hiyohiyo. Siku ya kwanza hakuna kanisa, hakuna makumbusho, hakuna ngome. Kila mwanafunzi hupewa dirisha. Humsikiliza mwenye dirisha, huenda kwenye gari la mkate, gengeni au duka la dawa, hurudi, huweka alichotumwa kikapuni, husubiri kukemewa. Kukemewa ni sehemu ya mtaala. Naandika haya kwa ushahidi wa mwili wangu: nilipoletwa kama mwanafunzi pamoja na wenzangu kutoka Gozo, nikiwa nimesoma vitabu vitatu vinene kuhusu mji huu, nyanya zangu zilirudishwa dukani mara mbili. "Wewe mwenye miwani!" Bi Ġuża aliniuliza mbele ya darasa zima. "Hizi umezichagua kwa miwani yako au uliazima ya kipofu?"

Si kila asubuhi ilikwenda sawa. Mwaka mmoja walikuja wanafunzi wa usanifu majengo kutoka Ghent, Ubelgiji, watu wenye bidii ya kutisha. Bi Ġuża alivuta mkate wake, akateremsha tena kikapu kitupu ili kiwe tayari kwa barua. Mwanafunzi wa pili alikiona kitupu, akaweka mkate. Kikapanda, kikashuka kitupu. Wa tatu akaweka mkate. Ulipofika wa kumi na moja, mama wa watu alitoka roshanini mikono kiunoni: "Jamani, mmeambiwa nimefuga jeshi humu ndani?" Bwana Wistin hakuwakaripia. Alipanda ngazi zote nne na zabibu kavu, kakao na mayai, na jioni ile pudini ya mkate ilishuka kwa kamba, kipande kimoja kimoja, hadi kila Mbelgiji akapata chake. Iliyobaki waliila kwa siku tatu.

Kwa miaka yote hiyo hakumpoteza mwanafunzi hata mmoja. Alimpoteza profesa, mara moja, na alimpata baada ya saa nne kwenye kiti cha kinyozi, amenyolewa vizuri, akibishana kuhusu timu ya mpira ya mji wa Paola kwa lugha ambayo asubuhi alikuwa haijui. Bwana Wistin huhesabu tukio hilo miongoni mwa mafanikio yake, nami naafiki.

Sasa nifike kwenye kiini cha ubishi. Mwezi Februari uongozi ulitangaza kwamba nafasi ya mpokezi itafutwa pamoja na kustaafu kwake, na kwamba kuanzia Oktoba vikundi vitatembezwa kwa hedifoni zenye maelezo yaliyorekodiwa. Nitazitendea haki hoja za Mkurugenzi wetu, Bi Marthese Bonavia, kwa sababu hoja dhaifu hazistahili kupingwa na zake si dhaifu. Ziara zimefupishwa kutoka wiki moja hadi siku tatu. Maelezo yaliyorekodiwa hayaugui wala hayakosei tarehe. Na madirisha yenye watu wazee yamebaki saba tu, mengine yamegeuka vyumba vya watalii ambao hawana kikapu wala kamba.

Lakini saba si sifuri. Katika madirisha hayo saba wamo watu ambao, kuanzia Machi hadi Novemba, husikia jina lao likiitwa na kijana kila wiki. Bi Ġuża, ambaye sasa ana miaka themanini na sita, alipopewa habari aliuliza swali moja: "Na hiyo sauti ya masikioni, itanipandishia mkate?" Bwana Wistin alilileta swali hilo kwenye kikao cha wafanyakazi neno kwa neno. Ilikubaliwa tu kwamba hedifoni zifanyiwe majaribio tarehe 12 Mei, kwa wanafunzi arobaini kutoka Bologna, na kwamba mpokezi abaki ofisini siku hiyo ili majaribio yasiingiliwe.

Alitii. Yeye ndiye aliyezichaji hedifoni zote arobaini na kuzipanga mezani, kisha akaketi akinoa penseli ambazo hazikuwa butu. Mimi nilipewa bendera ya kuwaongoza wageni.

Saa tatu kamili gari la mkate likapiga honi na vikapu saba vikashuka kwenye Mtaa wa Mtakatifu Ursula, vikaning'inia usawa wa kifua. Wanafunzi arobaini wakapita katikati yake wakivikwepa mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anavyokwepa matawi njiani. Sauti masikioni mwao ilikuwa ikiwaeleza historia ya roshani za mbao za mji huu, na maelezo yalikuwa sahihi, nimeyahakiki. Hakuna aliyeinua macho kuona kwamba kila roshani ilikuwa na mtu.

Hapo Bi Ġuża akaongeza kamba kidogo. Kikapu kikatua juu ya kichwa cha msichana aitwaye Ottavia, kikamkaa kama kofia. Ottavia alivua kikapu, akavua na hedifoni, akatazama juu.

"Hodi huko chini!" alisema Bi Ġuża. "Mkate mmoja, usiwe wa jana. Na mwambie Wistin aache kujificha."

"Samahani, bibi. Wistin ni nani?"

Madirisha saba yalijibu kwa pamoja, na sijawahi kusikia mtaa ukijibu namna ile. Mmoja alisema ni yule mwenye kofia, mwingine kwamba ni mpiga baragumu mbaya kuliko wote katika bendi ya Żabbar anakoishi, mwingine kwamba ndiye aliyempelekea dawa msimu mzima wa homa, wa nne akataka kujua kama amekufa. Makelele yalipozidi, wanafunzi walianza kuvua hedifoni ili wasikie vizuri. Wakakosa pa kuziweka. Wakaziweka kikapuni.

Bi Ġuża akavuta, akachungulia, akapaza sauti: "Masikio ishirini na manne nimepata! Mkate hakuna!"

Nilikimbia ofisini. Bwana Wistin aliniuliza kama Mkurugenzi ameruhusu ashuke, nikakiri kwamba sikuomba ruhusa. Alinikemea, akavaa kofia, akaenda kugonga mlango wa Mkurugenzi. Jibu la Bi Bonavia lazima niliandike, kwa kuwa linampa heshima: "Nenda, Wistin. Na mimi nakuja, nione kwa macho yangu."

Alikuja, akaona. Aliona Bologna nzima imetawanyika kati ya gari la mkate na genge, Bwana Wistin amesimama katikati ya ngazi akigawa madirisha, na mzee wa orofa ya pili akimfundisha kijana kufunga fundo la kamba. Alikuwa bado anatazama pale sauti kutoka juu ilipomfikia: "Na wewe Marthese, binti wa Nenu mwokaji, umesimama hapo kama sanamu ya njia panda? Niletee chumvi!" Mkurugenzi wetu alikwenda kununua chumvi. Aliiweka kikapuni mwenyewe, akaishika kamba mpaka kikapu kilipotulia, na nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Kuna watakaoniambia kwamba siku moja yenye kicheko si uthibitisho. Nakubali, ndiyo maana nawapa uthibitisho mwingine. Jioni ile wanafunzi waliombwa kuuchora mtaa kwa kumbukumbu. Walioanza kuvua hedifoni mapema walikosea baadhi ya tarehe. Ila wao ndio waliochora ngazi zikiwa zimelika katikati, kamba zikining'inia na watu madirishani, wakaandika majina ya watu hao. Waliochelewa kuvua walichora kuta nzuri sana. Michoro yote imebandikwa kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, na asiyeniamini akaitazame.

Bwana Wistin, kwa niaba ya wenzako wote tunakushukuru: kwa masanduku uliyoyapoteza, kwa asubuhi zaidi ya mia nane ulizotupatia, na kwa kutukemea tulipostahili. Tunakuombea siku ndefu zenye afya huko Żabbar, pamoja na mkeo Bi Doris, na muda wa kutosha wa mazoezi na bendi yako kabla ya sikukuu ya parokia. Majirani zako wameniomba nilisisitize hilo la mazoezi.

Nakugeukia wewe, Bi Marthese Bonavia. Tangu tarehe 12 Mei uongozi umenyamaza, na tangazo la Februari bado limebandikwa ubaoni. Jumatatu ya kwanza ya Oktoba kikundi kutoka Coimbra kitasimama kwenye ngazi za Mtaa wa Mtakatifu Ursula saa tatu asubuhi. Tuambie ni nani atakayekuwa amesimama pale kukipokea, na kama kila mwanafunzi atapewa dirisha au hedifoni. Usinijibu mimi faraghani, wala usijibu kwenye kikao. Jibu katika toleo la Julai la jarida hili, kwa jina lako na saini yako, ili madirisha yote saba yasomewe.