Mama Amisa Ramazani na Watu wa Mto Kalwilo

Tarehe 31 Desemba 1999, Mama Amisa Ramazani atafunga mlango wa ofisi yetu ya Mito na Chemchemi ya mji wa Likasi na kuanza mapumziko aliyoyatolea jasho kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoingia kazini, mji huu haukulala kwa kelele za viwanda. Anatoka wakati tumezoea ukimya wao. Katikati ya nyakati hizo mbili kuna mto mmoja mdogo, Kalwilo, ambao ungekuwa umekufa, na haukufa. Makala haya yanaeleza sababu.

Mama Amisa alizaliwa hapa hapa, katika komini ya Kikula, mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Baba yake alitoka upande wa Kasongo, akafungua duka la vitenge na mafuta ya taa. Alimpeleka binti yake kusoma kwa masista. Mwenyewe anapenda kusimulia kwamba mwaka mmoja alifunga Ramadhani yote na bado akachaguliwa kuongoza kwaya ya Krismasi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kufikia sauti ya juu. Baba yake alikwenda kumsikiliza, akakaa kiti cha nyuma kabisa, akapiga makofi kuliko wote.

Aliajiriwa mwaka 1968 kama mpiga taipu. Katika juma lake la kwanza alipewa ripoti ya daraja aichape, na mpaka jioni mashine ilikuwa haijalia hata mara moja. Alikuwa amekwenda kulitazama daraja lenyewe. Ripoti ilisema nguzo ya kati "imeliwa na maji", naye hakuelewa maji yanakulaje jiwe. Akarudi na sketi iliyolowa hadi magotini, akiwa ameelewa. Mkuu wake wa sehemu ya chemchemi, Bwana Kazadi, alicheka sana. Kesho yake akamletea mabuti ya mpira ya kiume, makubwa mno kwake. Mama Amisa aliyajaza vitambaa, akayavaa chini ya kitenge, na tangu hapo mji mzima ukamwita Mama Mabote, yaani Mama Mabuti.

Bwana Kazadi ndiye aliyemtoa kwenye taipu na kumfundisha kazi ya maji: kusoma udongo, kufuata unyevu, kujua chemchemi inapumulia wapi. Walifanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kisha ikaja ile miaka ambayo wengi wetu hatupendi kuitaja. Mwaka 1992, na mwaka uliofuata, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao, Bwana Kazadi, mwenye asili hiyo ingawa alizaliwa hapa Likasi kama Mama Amisa, alijikuta na mke na watoto wake stesheni, chini ya turubai, wakingoja treni ambayo haikuja. Mama Amisa aliwapelekea bukari na sombe, ugali na kisamvu chetu, kila siku, beseni kichwani, mchana kweupe. Jirani mmoja alimsimamisha langoni na kumuuliza kama haogopi.

"Minye ninapelekea mukubwa wangu wa kazi chakula," alimjibu. "Weye unapelekea nani?"

Jirani yule hakumsumbua tena. Siku chache baadaye mke wake alitoa nyanya za kuongeza kwenye beseni.

Pale stesheni, kati ya mizigo na watoto wanaokohoa, Bwana Kazadi aliendelea kufundisha. Kwa kijiti alimchorea chini jinsi ya kujenga kisima cha kulinda chemchemi: mawe huku, changarawe huku, bomba hapa. Kazi hiyo alikuwa ameifanya mara nyingi yeye mwenyewe, lakini hakuwa amewahi kumwachia mtu mwingine.

"Amisa, ile maji usiizibe," alimwambia. "Uifungulie njia, itatoka yenyewe."

Treni ilikuja, ikawachukua. Kesho yake Mama Amisa alifika ofisini macho yakiwa mekundu, akakaa kwenye meza ya Bwana Kazadi kwa sababu lazima mtu akae pale. Mpaka leo wanapelekeana salamu.

Wakati huo serikali yenyewe ilikuwa inachechemea. Gari la ofisi lilikuwa limekufa uani na kuku wa mlinzi walitagia ndani yake. Mishahara ilikuwa hadithi. Wengi tulikuja kazini kwa mazoea tu, na wengine hawakuja. Mama Amisa alikuja kila siku kwa miguu, na kama ofisini hapakuwa na la kufanya, alikwenda mtoni.

Mtaa wa Mapera, kule Shituru, uko kando ya Kalwilo. Viwanda vilipopunguza watu, mafundi na wake zao walishuka kwenye kingo za mto. Wengine walilima kabeji na lengalenga, mchicha wetu, mpaka penye maji. Wengine walichimba udongo wa matofali. Miti ilikatwa ikawa makaa. Mabomba ya nyumbani yalikuwa yamekauka, kwa hiyo watu walinywa maji ya mto ule ule waliokuwa wakiukwangua. Mvua iliponyesha, Kalwilo ulikuwa uji wa matope, na matumbo ya watoto yakaharibika. Mama Martine, mjane aliyekuwa akiuza kabeji sokoni, alimzika mjukuu wake.

Baada ya matanga, Mama Martine aliwakusanya majirani. Tungependa jambo hili lieleweke vizuri: si ofisi yetu iliyoanza. Walianza wao, kwa majembe yao, wakafanya salongo, kazi ya pamoja, kila Jumamosi, wakazoa taka na kupanda matete. Lakini waliotupa taka waliwauliza ni nani aliyewatuma, wakaendelea kutupa. Ndipo siku moja ya mwaka 1994 wakaja ofisini kwetu, wakajaa mpaka barazani.

"Mama, hatukukuya kuomba feza," alisema Mama Martine. "Tunaomba tu serikali iseme kama ule muto, shiye ndjo tunaulinda."

Baadaye Mama Amisa alituambia kwamba kwa miaka mingi watu walikuja kuomba kile ambacho serikali haina, na hawa ndio wa kwanza kuomba kitu ambacho bado ilikuwa nacho: jina lake.

Mkuu wa ofisi wakati huo alikuwa Bwana Adolphe, mtu mwema, lakini mwenye woga wa amri za juu. Na amri ya juu ilikuwa imeshafika: bustani zote za kando ya mto zing'olewe, watu waondolewe. Kwa kuwa Mama Amisa ndiye aliyezijua kingo zile, alitajwa kuwaongoza askari.

"Chef, tukibafukuza bote, nani atabakia kuangalia muto?" alimuuliza Bwana Adolphe.

"Mama, amri ni amri," alijibu mkuu, bila kumtazama.

Angeweza kusema anaumwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikwenda Mapera siku moja kabla ya askari, akawaambia watu ukweli wote: amri inasema nini, na mto unahitaji nini. Mto haukuhitaji waondoke. Ulihitaji hatua chache tu za nchi kavu pande zote mbili, zisiguswe na jembe wala koleo. Walibishana mpaka jua likaanza kushuka. Kwa wengine, mistari ile ya mwisho kabisa kando ya maji ndiyo iliyokuwa bora, na ndiyo iliyolisha nyumba.

Asubuhi lori la askari lilipofika, lilikuta Mama Martine ameinama katika bustani yake, aking'oa kabeji zake mwenyewe zilizokuwa karibu kukomaa. Majirani walifuata, wengine wakilia. Askari walisimama hawajui la kufanya. Kazi waliyotumwa ilikuwa inafanyika mbele ya macho yao. Mama Martine akawaendea na kabeji mikononi.

"Chukueni, bana yangu. Na nyinyi habajabalipa."

Kamanda aliangalia zile kabeji, akaangalia watu wake waliokonda, kisha akamuuliza Mama Amisa kama kwa macho yake kingo zimeachwa wazi. Mama Amisa akajibu kwamba zimeachwa wazi. Lori likarudi mjini limejaa kabeji. Bwana Adolphe alipoliona likipita na mboga zikining'inia ubavuni, alikaa chini akafikiri, na siku ile ile akavaa tai yake, akapanda kwa wakubwa wa mji. Sifa zake tumpe: alisema kwa sauti kile ambacho alikuwa ameogopa kukisema, kwamba walinzi wa mto ni watu wa Mapera wenyewe. Baada ya wiki kadhaa mji ulitangaza kwamba kingo za Kalwilo ziko chini ya ulinzi wa komite ya Mapera, yaani kamati ya Mama Martine na majirani zake, na kwamba anayezivunja ameivunja amri ya serikali. Tangazo lilisomwa sokoni kwa megafoni, na Mama Martine alijifunika uso kwa kitenge asionekane anavyofurahi.

Hapo Mama Amisa akaanza kuvuta kila kilichobaki kwenye jina la serikali. Alipata majembe na mikokoteni ya mkono katika ghala lililofungwa. Alipata miche ya mianzi katika kitalu cha serikali njia ya Mulungwishi, ambako mtunzaji alifurahi kwa sababu hakuna aliyemkumbuka tangu zamani. Miche ilisafiri juu ya taxi-bus, na Mama Amisa alikaa dirishani akitoa kichwa nje kila mara kuhakikisha bado iko. Walipomtaka awe rais wa komite, alikataa katakata. Kazi ya serikali hapa, alisema, ni kusukuma kutoka nyuma.

Mmoja tu hakukubali. Georges alikuwa fundi wa kiwandani kabla ya kuwa mpiga matofali, na tanuri lake lilikuwa ukingoni kabisa.

"Serikali ilikamata kazi yangu," alimwambia Mama Amisa mbele ya watu. "Sasa inataka na udongo?"

Mama Amisa hakumletea askari. Alimwamkia kila Jumamosi, na kila Jumamosi Georges alimgeuzia mgongo.

Mvua za mwanzo wa 1995 zilikuwa kali. Asubuhi moja ukingo wa Georges ulikatika, ukaanguka mtoni na tanuri lote, ukaziba njia. Maji yakapanda kuelekea nyumba. Komite ilikuja na majembe na Mama Amisa akaingia nayo katika maji, umri wake ukiwa umeshapita miaka hamsini. Walikuwa wamefungua karibu nusu ya njia pale gogo lililosukumwa na maji lilipompiga Mama Amisa na kumvunja mguu.

Georges ndiye aliyemtoa. Alikuwa kwenye matope kiunoni tangu mwanzo, akitupa nje matofali yake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa amemwona anakuja. Alimfunga mguu kwa fito mbili, akamkalisha kwenye baiskeli yake, akaisukuma mpaka hospitali kwenye mvua. Kwenye mlango wa hospitali Georges alimwambia, "Mama, unisamehe." Mama Amisa, meno yakimgongana kwa baridi na maumivu, akamuuliza kama njia ya maji imefunguka. Ilikuwa imefunguka. Nyumba zilisalimika.

Alikaa kitandani miezi kadhaa. Georges alikuja kumwona na matunda, na siku moja Mama Amisa akamchorea kwenye shuka, kwa kidole, kile alichochorewa chini pale stesheni. Georges aliangalia akasema kitu kile kitataka matofali magumu. Alikuwa anajua kuyachoma. Alihamisha tanuri lake mbali na mto, na matofali ya kwanza yaliyotoka ndiyo yaliyojenga kisima cha chemchemi ya Mapera, mwaka 1996. Serikali ilitoa bomba na saruji kidogo, komite ikatoa mikono.

Siku ya kufungua, Bwana Adolphe alikuja na suti nyeusi na viatu vinavyong'aa kwa ajili ya hotuba. Hatua ya tatu alizama, na kiatu kimoja kikabaki chini. Watu walijizuia kwa heshima mpaka yeye mwenyewe alipoanza kucheka, kisha mtaa mzima ukaanguka kwa kicheko. Alitoa hotuba akiwa na soksi. Wengi wanasema ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, na kwa hakika ilikuwa fupi kuliko zote.

Mwaka 1997 nchi ilibadilisha jina na bendera. Komite ya Mapera haikubadilisha kitu. Mianzi imepita kimo cha mtu, kingo zimeshika, na watoto wanachota maji safi kwenye kisima. Hatutadanganya kwamba yote yamepona. Kule juu taka bado zinatupwa, na mvua kubwa bado inatutia wasiwasi. Lakini mitaa mingine miwili imeshakuja kuomba kufanya kama Mapera, na ofisi yetu imesema ndiyo.

Juma lililopita wajumbe wa komite walikuja ofisini wamevaa nguo za Jumapili. Tulidhani wamekuja kumsihi Mama Amisa asiondoke. Walimpita kwenye meza yake wakimsalimia tu, wakaenda kwa kijana anayechukua nafasi yake, wakamwambia kwamba wanamngoja mtoni Jumamosi, na aje na mabuti. Kisha Mama Martine akamgeukia rafiki yake.

"Mama Amisa, enda upumuzike. Ule muto iko na benyewe."

Sisi tuliofanya kazi naye miaka yote hii hatujawahi kumwona akilia ofisini tangu asubuhi ile baada ya treni kumchukua Bwana Kazadi. Siku hiyo alilia akicheka, akiwa amemshika Mama Martine mabega, na hakuna aliyejaribu kumnyamazisha.

Mama Amisa, asante kwa njia zote ulizotembea kwa miguu wakati gari halikuwepo, na kwa kutuonyesha kwamba ofisi isiyo na kitu bado inaweza kuwa na maana kwa watu. Mungu akujalie afya, mguu usiokusumbua wakati wa baridi, na asubuhi ndefu zisizo na haraka. Pumzika kwa raha, mama yetu, na maisha yako ya mbele yawe mema.

Carine Kabwe, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake