Mama Chuchumaa Anashuka Garini

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha udereva katika chuo chetu, mwalimu wetu mkuu wa barabarani anastaafu. Jina lake halisi limo kwenye faili, lakini hata mkaguzi wa magari humwita Mama Chuchumaa, naye huitika.

Alipoanza alikuwa mwalimu pekee wa kike. Wiki ya kwanza wanafunzi watatu waliomba wabadilishiwe mwalimu. Wiki ya pili waliomba warudishwe kwake, kwa sababu yule mwingine alikuwa anasinzia.

Jina alilipata hivi. Kwake hakuna anayegusa usukani kabla ya somo la kwanza, na somo la kwanza ni la miguu. Anakupeleka mtaa wa shule ya msingi, anakusimamisha kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, kisha anaamuru: "Chuchumaa. Sasa una miaka saba. Niambie unaona nini." Huoni kitu ila bampa. Mimi karani ninayeandika haya nilichuchumaa pale na sketi ya kubana, na muuza matunda wa kona ile hajamaliza kunicheka. Wamechuchumaa pale mahakimu, mafundi bomba, na bwana harusi aliyebakiza siku mbili.

Ukishainuka anakufundisha kutazama chini ya magari yaliyosimama. "Ukiona viatu," husema, "vina mwenyewe."

Miaka sita iliyopita tulipata meneja mpya, mtu wa tai na haraka. Alikuta malalamiko tele: wateja wamekuja kuendesha, siyo kuchuchumaa. Akamwita mama, akamwambia somo lifutwe. Mama hakubisha. Alimwomba tu aje alifanye mwenyewe mara moja, halafu alifute. Meneja akakubali ili yaishe.

Siku hiyo ofisi nzima ilipata shughuli mtaa ule. Meneja akakunja miguu, akachuchumaa, na suruali ikapasuka kwa mlio uliosikika ng'ambo. Tukauma midomo. Kabla hajajua ajizibe wapi, kengele ikalia na watoto wakamwagika getini. Mmoja wao, wa darasa la pili, alikuwa binti yake. Alimwona baba yake ng'ambo ya barabara, amechuchumaa kama anayejificha kwenye mchezo wa kibe, akafurahi mno. Akapita nyuma ya pikapu iliyoegeshwa na kuchomoka mbio kumfuata.

Gari la mikate lilikuwa linakuja. Hakuna aliyeweza kupiga hata kelele. Lakini gari lile lilikuwa limeshasimama, hatua nne kabla, na mtoto akapita mbele yake akicheka.

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Shikamoo, mwalimu! Niliona viatu!"

Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyefeli mara tatu. "Marahaba," mama akajibu. "Mikono yote miwili kwenye usukani."

Sauti yake ilikuwa imara, lakini ofisini alisukuma kando kikombe cha chai bila kukionja. "Mimi ndiye niliyemweka yule baba upande ule," aliniambia. Tangu siku hiyo wanafunzi huchuchumaa upande wa geti tu, na watoto wakisharudi makwao. Meneja naye hakufuta somo. Alilibandika ubaoni, namba moja, na chini yake akaongeza kwa mkono wake: "Waje na nguo pana."

Mama ndiye pia aliyezunguka nyumba kwa nyumba akikusanya saini hadi mtaa ule ukapata matuta mawili. Wa kwanza kuyaparamia kwa kasi alikuwa mumewe. Alitembea kwa miguu mwezi mzima, kwa amri ya nyumbani.

Mama, watoto wa mtaa ule hawakujui. Wanavuka, wanagombania kalamu, wanafika kwao kula. Hiyo ndiyo kazi uliyoifanya miaka yote hii, na kwa niaba yao tunasema ahsante sana.

Mumeo anatuambia kwamba hata ukikaa sebuleni kutazama filamu, gari likikimbia kwenye skrini wewe unakanyaga breki. Tunakutakia mapumziko marefu na yenye afya. Mguu wa kulia nao upumzike, mama. Zulia la watu linaisha.