Fundi Aliyefunika Matumbawe kwa Shela

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi Vigae, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba alitambaa mapema, na kwamba hata wakati huo alikuwa akikagua sakafu.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda hicho, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu uashi mwaka 1971. Mwalimu wake alisema ana mikono mizuri na shingo ngumu. Marehemu alitumia maisha yake yote kuthibitisha kauli zote mbili.

Kwa karibu miaka arobaini alipanga vigae katika vyumba vya upasuaji, majiko ya hoteli na mabafu ya watu. Aliingia nyumba za watu akiwa ameinamisha kichwa. Wenyeji walimdhani mnyenyekevu. Kumbe anatafuta kigae kilichokaa upande, na akikiona hakunyamaza, hata msibani. Vigae vyake mwenyewe havijang'oka mpaka leo.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na mshonaji wa nguo za maharusi, ambaye tunaye hapa mbele. Walijaliwa binti na mwana.

Alipostaafu mwaka 2011, rafiki yake mfamasia alimpa vipande vya matumbawe laini kutoka tangi lake la kioo, alimofugia viumbe vya baharini nyumbani. Marehemu alinunua tangi, akachanganya maji ya chumvi, akavibandika vipande kwenye mawe kwa gundi, kama vigae. Kesho yake vyote vilikuwa vinaelea, kwa maana tumbawe laini hutoa ute, huivua gundi kama shati, likaenda zake. Akaongeza gundi. Vikaelea tena.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "hicho ni kiumbe, si bafu. Kitulize kwa kitu chepesi, kishike chenyewe."

Alitii, jambo ambalo lilipaswa kumtia mkewe wasiwasi. Alivilaza vipande juu ya mawe, akavifunika kwa kitambaa chepesi chenye matundu, akazungushia uzi wa mpira, akaviweka pembeni ambako mkondo wa pampu ni mpole. Wiki chache baadaye vilikuwa vimeshika. Ndipo mkewe alipofungua sanduku lake.

"Shela yangu ya harusi iko wapi?"

"Iko kazini, mama watoto. Miaka yote hiyo ilikuwa imelala tu."

Hawakusemeshana mpaka Jumapili.

Tangu hapo akawa mtu wa kuulizwa. Wageni waliotaka kujua kama matumbawe huliwa aliwavumilia. Waliogonga kioo, hapana. Alifundisha kwamba tumbawe likikaa juu mno taa huliunguza, mbele ya pampu hupasuka, na kwamba mawili yakibanana hurushiana sumu kimyakimya, kama majirani waliogombea ukuta.

Mwaka 2022 alipata maradhi ya kutetemeka. Januari mwaka huu tumbawe lake kubwa, lililozaa mengine yote, likaanza kuoza shinani. Sehemu zilizo bado na uzima zisipokatwa na kupandwa upya, lingekufa lote, na mikono yake haikuweza tena kushika wembe. Mfamasia alijitolea. Marehemu alikataa: "Huyo atakata kama anapima dawa." Akamgeukia mkewe.

"Mimi nakata vitambaa," mkewe alisema.

"Basi kata kitambaa. Usilifikirie."

Alikata. Marehemu alielekeza kutoka kitini. "Shusha. Kushoto kidogo. Usilibane!"

"Baba watoto, fundi hapa ni nani?"

Akanyamaza. Familia haina kumbukumbu ya tukio jingine kama hilo.

Februari hali yake ilizorota, na kitanda chake kikahamishiwa sebuleni, mbele ya tangi. Kila asubuhi aliuliza kama vipande vile, vilivyofunikwa kitambaa juu ya mawe, vimeshika. Kila asubuhi alikatazwa kuharakisha. Tarehe 2 Machi mkewe alifunua kitambaa, akakisukuma kila kipande kwa kidole. Hakuna kilichotikisika, na vyote vilikuwa vimechanua.

Marehemu alivikagua kimoja kimoja.

"Mwite mfamasia," alisema. "Mwambie aje na miwani aone kazi ya mke wangu."

Mfamasia alifika jioni, akaona, akakiri. Marehemu alifariki asubuhi iliyofuata, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na matumbawe ambayo mjane amesema hayahami hapo sebuleni. Fundi wetu na apumzike kwa amani.