Bi Kiraka na Faili Lisiloguswa

30 Juni. Kwa Bi Kiraka, na kwa wenzangu wote mnaosoma jarida letu.

Leo, baada ya miaka ishirini na sita, Bi Kiraka anastaafu. Wageni humdhani mshonaji. Kazi yake ni kuandika programu kwa lugha ya C, na kiraka chenyewe ni faili moja tu. Bila hilo, hakuna lebo ya chupa ya damu inayotoka kwetu salama.

Alipoanza tulikuwa na mashine za kuchapa lebo za aina moja. Hospitali zikaongezeka, aina zikawa tatu, kila moja na maktaba yake ya C, yaani mkusanyiko wa funksheni, vipande vya programu vilivyo tayari kutumika. Siku moja ya majaribio, jina refu la mgonjwa lilikatwa ili lienee kwenye lebo, lakini mashine ya pili haikuweka alama ya kuonyesha jina limeishia wapi. Lebo ikatoka na mkia wa jina la mgonjwa aliyetangulia. Siku hiyo Bi Kiraka hakula. Yeye na kaka yake, marehemu mume wangu, waliokaa meza moja, wakaandika funksheni yao ya kukata maneno, wakaiweka mahali pa ile ya maktaba katika mashine zote. Sisi tuliendelea kuandika jina lile lile la funksheni tulilozoea. Nyuma yake walikuwepo wao.

Juu ya faili hilo mume wangu aliacha maelezo: "Usiguse kabla ya kuniuliza." Tangu afariki, miaka miwili sasa, tumekuwa tukimuuliza Bi Kiraka.

Mwezi uliopita, mimi mwenyewe, kwa haraka, niliita faili lile katika programu yangu kabla ya mafaili ya maktaba. Mashine mbili hazikuonyesha kosa. Ya tatu ikatema makosa mia mbili. Bi Kiraka alikuja na kikombe chake kisicho na mkono, akacheka: "Wifi, tangu lini kiraka kikaitangulia nguo?" Akakaa kando, hakugusa kibodi, mpaka nikarekebisha mwenyewe.

Sifichi, nina hofu. Mwezi ujao inakuja mashine ya nne, na meza ile itakuwa tupu pande zote mbili. Jana nilifungua faili. Maneno ya mume wangu Bi Kiraka hakuyafuta. Chini yake ameongeza: "Sasa mwulizeni wifi yangu."

Asante, Bi Kiraka. Pumzika, afya ikuandame. Mashine ya nne nitaanza kuijaribu kwa majina marefu, kama ulivyonizoesha. Nawe, popote utakapoona jina refu limekatwa vizuri, utukumbuke, mimi na kaka yako.