Bernadine Petrie, Aliyezichagua Sinema za Kale Zisipotee (1949–2023)

Wasifu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Florian Olszewski. Kanisa la Mtakatifu Kunegunda, Buffalo, New York, Jumatatu tarehe 14 Agosti 2023.

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu alikataza mambo mawili katika siku hii: maua ya plastiki, na wasifu unaozidi dakika kumi. La kwanza tumelitii. La pili nitajitahidi, ingawa wanaotujua akina Olszewski wanajua nimebeba mzigo mzito.

Bernadine alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa hapa Buffalo, katika nyumba yetu ya Mtaa wa Sobieski, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Stanislaus na marehemu Genowefa Olszewski. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha chuma kule Lackawanna. Mama alikuwa msafishaji wa jumba la sinema lililokuwa kwenye kona ya mtaa wetu, na kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia watoto, alikwenda nasi kazini. Mimi nililala juu ya makoti. Bernadine alikaa safu ya mbele akatazama. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alimfuata meneja ofisini kwake, akamwambia, "Bwana, yule mtu amekufa kabla hajaugua." Meneja alimfukuza. Baadaye alipanda kuangalia, akakuta kweli mikanda imepangwa vibaya, wa nne umetangulia wa tatu, na watu mia mbili walikuwa wametazama wiki nzima bila kusema neno. Tangu siku hiyo Bernadine aliingia bure hata siku ambazo Mama hakuwa zamu, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu sinema.

Alisoma shule ya msingi ya parokia hii kuanzia mwaka 1955, kisha sekondari ya wasichana hadi 1967. Masista walimpenda kwa akili yake, wakamchoka kwa mdomo wake. Sista Hedwiga alimnyang'anya daftari ambalo Bernadine alikuwa akizipa sinema alama, na alipolisoma akakuta mahubiri ya Padri nayo yamepewa alama. Alilirudisha daftari kimya kimya, kwa sababu, kama alivyokiri miaka mingi baadaye, alama zenyewe zilikuwa za haki. Bernadine alihitimu shahada ya ukutubi katika chuo kikuu cha hapa mwaka 1971.

Akiwa mwaka wa kwanza chuoni, tarehe 17 Februari 1968, alipanda basi na wenzake kwenda Toronto kutazama sinema ya Kifaransa kutoka Quebec iliyoitwa "Jumatatu kwa Mama". Naomba mnivumilie niielezee, maana bila sinema hiyo hamtamwelewa marehemu. Ni hadithi ya binti anayekwenda kila Jumatatu kumfanyia usafi mama yake mzee. Katika dakika kumi na moja za mwisho, binti ameketi jikoni anamenya viazi. Mlango wa chumba cha kulala uko wazi, mama amelala huko ndani, hatumwoni. Tunasikia pumzi zake tu. Mahali fulani katika dakika hizo pumzi zinakoma, na binti anaendelea kumenya. Sinema inaishia hapo. Bernadine alirudi nyumbani akala pierogi mbili tu, yale maandazi yetu ya Kipolandi ya kuchemsha, yeye ambaye hakuwahi kuinuka mezani kabla ya kumi. Mama alimpima homa.

Alianza kazi mwaka 1971 katika maktaba ya jiji, idara ya mikanda. Hapo ndipo alipokutana na Harlan Petrie, fundi wa kuonyesha sinema, aliyekuja kuazima mkanda akaurudisha umekatika. Bernadine alimgombeza mbele ya watu. Kesho yake Harlan alirudi na gundi, mkasi na keki ya mbegu za mpopi, akaketi akauunga mkanda mbele yake. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 14 Oktoba 1978, wakajaliwa binti mmoja, Marta, mwaka 1981. Waliishi kwa upendo na ubishi hadi Harlan alipofariki mwaka 2010. Katika miaka yote thelathini na miwili hawakuwahi kukubaliana mtu akae safu ya ngapi, kwa hiyo sinema walikwenda pamoja na kukaa mbalimbali.

Mwaka 1992 familia ilihamia Chicago, Bernadine alipoajiriwa na kampuni ndogo ya Larkmoor, yenye wafanyakazi saba, juu ya duka la dobi. Kazi ya Larkmoor ni kuzitoa upya sinema za kale zenye sanaa ili watu wazitazame nyumbani, kwanza kwa diski zile kubwa kama sahani, na miaka ya karibuni kwa diski zenye picha safi kiasi cha kuhesabu nyuzi za shati. Bernadine ndiye aliyeongoza uchaguzi. Wengi wenu mlimwuliza zinachaguliwaje, na wengi mlijuta kuuliza. Kila Jumatano wafanyakazi walikaa mezani, na kila sinema iliyopendekezwa iliulizwa maswali matatu. Nani ana haki zake? Mkanda wa asili, ule uliopita ndani ya kamera yenyewe, uko wapi na una hali gani? Swali la tatu lilikuwa la Bernadine: nani atalia isipotoka? Sinema nyingi nzuri zilianguka kwenye swali la pili, maana mkanda ukioza hunuka siki. Dada yangu aliweza kunusa kopo la mkanda lililofungwa akatamka hukumu. Kwenye sikukuu alinusa saladi zetu kwa uso ule ule.

Mwenye kampuni, Bwana Leland Roussos, ambaye yuko nasi hapa, aliweka desturi moja: kila mwaka kila mfanyakazi aliruhusiwa kuleta sinema moja bila kueleza kama itauzika. Waliiita sinema ya moyo. Tangu mwaka 2001 Bernadine alileta ile ile, "Jumatatu kwa Mama". Leland alikuwa akimwuliza, "Bernadine, mwaka huu unatuletea nini, au nisijisumbue?" Naye akajibu, "Usijisumbue, andika tu." Iliandikwa mara kumi na tisa. Kikwazo kilikuwa swali la kwanza. Mwongozaji wa sinema hiyo alikwishafariki, na haki pamoja na mkanda vilikuwa mikononi mwa mwanawe, Bwana Rosaire Lachapelle, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa karibu na Trois-Rivières, ambaye alikuwa amekataa kampuni zote. Bernadine alimwandikia kila Krismasi. Hakujibiwa hata kwa kadi.

Mwaka 2016 alirudi Buffalo kuishi nami katika nyumba ya wazazi, akiendelea na vikao vya Jumatano kwa simu. Oktoba 2019, akiwa na miaka sabini, aliniambia nimwendeshe mpaka Quebec. Tulimkuta Rosaire zizini.

"Wewe ndiye mama wa Buffalo?" akauliza. "Huchoki?"

"Nachoka. Nikichoka nalala, nikiamka naandika."

"Waliotangulia walisema mwisho ule ni mrefu, ukatwe."

"Walikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Rosaire alicheka. Akamwuliza kama anajua pumzi zile zilikuwa za nani. Bernadine hakujua. "Za bibi yangu," alisema. "Baba alikaa na kinasa sauti kando ya kitanda chake siku nne za mwisho. Sijawahi kumwambia mtu. Ukiichukua sinema hii, pumzi za bibi zisiguswe." Dada yangu alimpa mkono, na mkono wa Rosaire ulikuwa na maziwa na tope. Tulirudi na makopo tisa kwenye kiti cha nyuma, yamefungwa mikanda ya usalama kama watoto. Hayakunuka siki.

Kazi ya kuisafisha ilicheleweshwa na ule ugonjwa uliofunga dunia. Februari 2023, ilipokuwa inakaribia kwisha, Bernadine aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimwambia ukweli kwa sababu aliuomba: huenda angefika Agosti. Sinema ilipangwa kutoka tarehe 20 Juni. Alisema, "Basi muda utanitosha na kubaki," akakataa sindano zote zilizomfanya asinzie mchana. Sijawahi kumwona mtu akiingojea tarehe kama dada yangu alivyoingojea ile. Aliizungushia duara kwenye kalenda ya parokia, juu ya jina la mtakatifu wa siku hiyo.

Mwishoni mwa Mei sanduku dogo lilifika kutoka Larkmoor, ndani mna diski moja. Diski elfu tatu zilikuwa tayari, na hii ilikuwa ya kwanza. Nilimwekea mito, nikamtengenezea chai, tukatazama. Ilikuwa picha ambayo sikuwahi kuiona mfano wake. Niliona unga kwenye ukucha wa yule binti. Tulipofika jikoni, kwenye viazi, Bernadine alinishika kiganja.

"Florian, mama yuko wapi?"

"Si amelala chumbani."

"Simsikii."

Nilipandisha sauti hadi mwisho. Kisu kilisikika, maganda yalisikika yakidondoka. Pumzi hazikuwapo. Fundi wa sauti, Bwana Duane Pruitt, alikuwa ameagizwa kuondoa mchakacho wote wa mkanda, naye ni hodari kwa kazi hiyo. Pumzi za kikongwe zilizonaswa miaka hamsini na sita iliyopita kwa kinasa hafifu zilifanana sana na mchakacho. Zikaondoka nao. Na Bernadine, ambaye wakati wa kazi hiyo alikuwa hospitalini, hakuwahi kumwambia yeyote wa Larkmoor maneno ya Rosaire pale zizini. Aliyaona kuwa siri ya watu. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa.

Alimpigia Leland hapo hapo. "Leland, mmemwua mama wa watu kabla ya wakati wake."

Leland alipoelewa alisema kwa upole, "Dada yangu, duniani ni watu watatu watakaojua."

"Watatu wanatosha."

"Nikizirudisha, diski hazitoki kabla ya mwisho wa Septemba. Bernadine, umenisikia? Septemba."

"Masikio ndiyo yaliyobaki mazima, Leland. Zirudishe."

Ninasema hili mbele ya kanisa: nilimkasirikia. Nilimwambia kuwa ameisubiri zaidi ya miaka ishirini, kwamba hana Septemba, kwamba aiache itoke aishike mkononi, watairekebisha mbele ya safari. Nilipiga meza. Yeye alingoja nimalize, kama alivyozoea tangu utoto wetu, kisha akasema, "Florian, mimi nilishaiona. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikaa safu ya mbele. Hao wengine ndio hawajaiona."

Nilikwenda jikoni nikalia.

Tarehe 20 Juni ilipita. Alimwomba Duane ampigie, na Duane, ambaye alikuwa hapeleki chakula mdomoni kwa aibu, aliomba radhi mara tatu. Bernadine alimwambia, "Masikio yako ni mazuri mno, mwanangu, ndiyo taabu. Safari hii nenda polepole, mwache mzee apumue." Kisha alimwandikia Rosaire barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja uliomchukua siku mbili, akamweleza kosa lote na kujitwisha yeye mwenyewe. Rosaire, ambaye hakuwahi kujibu barua katika miaka yote ile, alijibu hii kwa wiki moja. Barua hiyo tumeiweka mkononi mwake ndani ya jeneza, na haijasomwa na mwingine.

Bernadine alifariki nyumbani Mtaa wa Sobieski, Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Marta alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Dirisha lilikuwa wazi na jirani alikuwa akikata nyasi. Nilitoka nikamwomba azime mashine, akaizima bila kuuliza, akavua kofia. Nilirudi kuketi. Tulimsikia vizuri, mpaka mwisho.

Marehemu ameacha binti yake Marta na mkwewe Curtis. Wajukuu wawili, Leonie na Abel. Mimi mdogo wake. Mawifi wawili wa upande wa Harlan, Bibi Opal na Bibi Ramona. Na wenzake wa Larkmoor, ambao leo wamefunga ofisi. Bwana Rosaire Lachapelle ameendesha gari kutwa nzima ya jana, na amewaachia ng'ombe wake majirani. Karibu, bwana, hapa ni kwako.

Baada ya maziko tutakula ukumbini, chini ya kanisa, kuna pierogi za kutosha. Duane alimaliza kazi Ijumaa iliyopita, siku mbili baada ya dada yangu kuondoka, na amekuja na nakala mfukoni. Tutaitazama pamoja. Ninawaomba jambo moja: tutakapofika jikoni, kwenye viazi, mwenye kikohozi atoke mapema, wenye watoto wawapakate, na mtu asichezee kijiko. Kaeni kimya kabisa.

Pumzika, Bernadine. Tunasikiliza.